Atuganile na Watu Watatu Aliowashuku

Sogeeni karibu. Mwenye masikio mawili aje nayo yote, maana nikimaliza sitajibu, nitauliza.

Katika shule moja ya wasichana ya bweni, kule milima ya Rungwe ambako nguo hushinda kambani na jioni huanuliwa zikiwa bado mbichi, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Ikupa, mwanafunzi, alijua kunyamaza. Neno likimfikia lilikuwa limefika mwisho wa safari. Mama Mwansasu, matroni wa bweni, alijua kuona. Mtoto aliyelala na njaa alimtambua kwa mwendo tu. Na Mwalimu Mketo, wa ushauri nasaha, alijua kusubiri. Akikuuliza swali usijibu, hakulirudia, wala hakuondoka.

Msichana aitwaye Atuganile aliwahitaji wote watatu. Na hakumwamini hata mmoja.

Sababu alikuwa nayo. Tangu utoto alikuwa akipotea. Anaandika, kalamu inasimama, macho yanabaki wazi, na akirudi anakuta mwalimu ameshafika mbali. Wakati mwingine alianguka kabisa na kutetemeka mwili mzima. Mama yake aliutaja ugonjwa huo kwa kunong'ona, kifafa, na siku alipomsindikiza stendi kwenda kuanza kidato cha kwanza alimshika mkono akamwambia, "Usimwambie mtu, mwanangu. Watakukimbia."

Muda si mrefu alimwona aliyekimbiwa. Sekela wa kidato cha tatu aliingia chumba cha ushauri, kwa mwalimu aliyekuwapo kabla ya Mketo, akafunga mlango, akaeleza ugonjwa huohuo. Kufikia chakula cha mchana kikombe chake kilikuwa kimetengwa dirishani peke yake. Baba yake akaitwa, akaja kumchukua ili eti apumzike nyumbani, na Sekela hakurudi tena. Tangu hapo wasichana wakakibatiza kile chumba Redioni. Ukiingia, unatangazwa.

Kwa hiyo Atuganile akafunga mdomo, akaanza kuwachunguza watu.

Ikupa alijua bila kuambiwa. Asubuhi moja bafuni Atuganile alianguka, na alipopata fahamu alijikuta amelazwa ubavu, kanga imekunjwa chini ya kichwa chake, na Ikupa ameegemea mlango kwa mgongo ili mwingine asiingie.

"Unanitazama nini?" Atuganile aliuliza.

"Nakusubiri uamke."

"Utamwambia nani?"

"Nimwambie nini? Kwamba umeteleza kwenye sabuni?"

Atuganile hakuridhika. Alikuwa akijibanza nyuma ya mlango wa bweni kusikiliza Ikupa anaongea nini na wenzake. Kila walipocheka, alidhani wanamcheka yeye. Lakini hakusikia kitu. Ikupa akampa kitanda chake cha chini, yeye akapanda cha juu. Darasani kalamu ya Atuganile ikisimama, Ikupa alimsukuma kwa kiwiko, na mwalimu akiuliza alijibu yeye: "Amesinzia, mwalimu. Jana alikuwa na homa." Kwa namna hiyo Atuganile alivuka kidato cha pili bila kurudishwa nyumbani.

Mama Mwansasu ndiye aliyemtisha zaidi, kwa yale macho yake. Atuganile akishika ndoo ya maji ya moto, matroni alisema, "Acha, atabeba mwenzio." Akikaribia pasi ya mkaa, matroni aliiondoa. Hakueleza kwa nini.

"Huyu mama anajua," Atuganile alimwambia Ikupa. "Anangoja nini kusema?"

"Labda hangoji kitu."

"Kila mtu anangoja kitu."

Kidato cha tatu, Jumamosi moja, Ikupa akiwa mazoezi ya kwaya, Atuganile alikuwa anafua peke yake. Karo la kufulia lilikuwa limejaa maji. Akapotea, akainama mbele, uso ukazama ndani ya maji. Mama Mwansasu alikuwa anapita na shuka mkononi. Alitupa shuka, akamvuta kwa gauni, akamlaza ubavu kwenye saruji mpaka alipokohoa. Wasichana walipokuja mbio aliwageukia. "Mtoto hajanywa chai tangu asubuhi, mnashangaa nini? Leteni blanketi!" Wakaleta.

Walipobaki wawili, Atuganile aliuliza, "Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu ulipokuja."

"Mbona hukusema?"

"Mtu anayeficha kitu kwa bidii namna ile, nimfichue kwa ruhusa ya nani?" Mama Mwansasu alikamua kanga yake iliyolowa. "Lakini leo nilikuwa karibu. Kesho nitakuwa sokoni. Nenda kwa Mwalimu Mketo."

"Redioni?"

"Nenda."

Atuganile alijizungushia blanketi. Akawaza, wametumana hawa. Huyu kanitoa majini ili yule anipeleke stendi.

Mwalimu Mketo alikuwa mgeni mwaka ule. Wasichana walimwona akinywa chai na mkuu wa shule, wakamwona kwenye kikao cha nidhamu, wakahitimisha kwamba naye ni redio ileile. Atuganile na Ikupa wakapanga kumtega. Nyuma ya jiko palikuwa na tundu kwenye uzio. Atuganile aliingia chumba cha ushauri, akaketi ukingoni mwa kiti, akaungama uongo: kwamba hutoroka kupitia lile tundu kwenda kununua maandazi. Kama tundu lingezibwa, wangejua kwamba mwalimu amesema.

Kila siku walizunguka nyuma ya jiko. Tundu lilikuwa palepale. Wiki zikapita, na hapakuwa na msumari wala ubao.

Atuganile alirudi. Mwalimu Mketo alimkaribisha, kisha akasema, "Lile tundu nilikwenda kulitazama. Majani yake hayajakanyagwa na mtu. Nikajua unanipima."

Atuganile aliona aibu, na palepale akaona shaka nyingine: mtu anayekwenda kutazama majani, huyo ni wa kumwambia? Lakini alikumbuka maji yakimjaa puani. Akasema yote. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema lile Atuganile alilokuwa analiogopa.

"Hili siwezi kukaa nalo peke yangu, Atu. Nitamwambia mkuu wa shule na mama yako. Nakwambia kabla, usije ukasikia baada."

"Mwalimu, nakuomba. Uongo wangu uliutunza. Ukweli wangu ndio unautoa?"

"Ule uongo usingekuua."

Alimsihi, alilia, alipiga magoti. Mwalimu Mketo alimwinua, na akaenda kusema.

Mama yake Atuganile alilia kwenye simu: "Nilikwambia! Nilikwambia, mwanangu!" Mkuu wa shule alisema shule yake si hospitali. Atuganile, akiwa kwenye benchi nje ya ofisi, alisikia sauti ya Mketo ikipanda. "Akifukuzwa, mkuu, nami naondoka. Siri yake alinieleza mimi. Mwingine atakayekuja kunieleza la moyoni nitamtazama kwa uso gani?" Palepale ofisini Atuganile akapewa muhula mmoja wa kujaribiwa. Mketo akampeleka hospitali ya wilaya mwenyewe, akamleta muuguzi kuzungumza na shule nzima, na dawa zikaanza.

Siri ikawa imekwisha. Meza ya Atuganile ilibaki na watu wawili, yeye na Ikupa. Kikombe chake kilitengwa, naye alikichukua, akanywa nacho, akajizuia kulia. Wengine walirudi mezani polepole, wengine hawakurudi kabisa. Lakini hakuanguka tena. Muhula ukaisha, mwaka ukaisha, akamaliza kidato cha nne.

Sasa, shuleni hapo wana desturi. Siku ya mahafali kila mhitimu hupewa kitenge kimoja, amvishe mabegani mtu mmoja wa shule ile aliyemfikisha hapo. Kimoja tu, wala hakikatwi.

Jina la Atuganile likaitwa. Akasimama katikati ya uwanja, kitenge mikononi, mama yake akimtazama kutoka jukwaani.

Nyuma yake wenzake wakaanza kubishana kwa minong'ono. Mmoja alisema ni Ikupa, maana bila yeye angerudishwa nyumbani mapema, kabla Mketo hajaijua hata njia ya shule ile. Mwenzake akapinga: ukimya huohuo ulimwacha bila dawa mpaka maji yakamzamisha. Huyo aliyepinga akasema ni matroni, maana maiti haisomi. Akajibiwa: matroni alijua miaka yote, kwa nini alingoja mpaka karoni? Wa tatu akamtaja Mketo, aliyeleta dawa. Akaulizwa: aliyeombwa kwa magoti asiseme, akasema?

Atuganile naye alikuwa na yake, asiyowahi kumwambia mtu. Je, Ikupa alinyamaza kwa upendo, au alipenda kuwa mtu pekee anayejua? Matroni alimheshimu, au alikwepa matatizo? Na Mketo, siku ile alipotoka kwenda kusema, alikuwa anamwogopea mwanafunzi, au aliogopa kuulizwa baadaye? Aliwatazama wote watatu mstari wa mbele. Ikupa alikuwa anachezea kifungo. Mama Mwansasu alimtazama miguu, kuona kama imesimama imara. Mwalimu Mketo alikuwa anasubiri.

Akapiga hatua.

Mimi naishia hapo. Kitenge ni kimoja na mabega ni ya watu watatu. Je, wewe ungemvisha nani? Na kabla hujanijibu kwa haraka, nijibu hili kwanza: siku ukiwa na lako la kuficha, ungekwenda kugonga mlango wa nani kati yao?