Mashavu ya Bi Buku

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na moto, sogeeni. Pakawa na baridi, jifunikeni. Nawe wa pembeni, acha kutafuna, hadithi inaanza.

Zamani za kale, kwenye msitu wa mlimani, aliishi Bi Buku, yule panya mkubwa mwenye mashavu kama mifuko. Alikuwa na watoto watatu wachanga, wekundu, hata manyoya hawajaota. Kipupwe kilikuwa kinakaribia, naye aliogopa njaa tu. Basi akaokota kokwa, akajaza mashavu, akaenda kumwaga shimoni. Akaokota, akajaza, akamwaga. Kutwa nzima!

Sasa, msitu ule una ada yake: habari haitangulii salamu. Usipoitikiwa, unapita zako na habari yako.

Akapita Pimbi. "Bi Buku, hujambo?"

Kimya. Aitike vipi? Akifungua kinywa, kokwa zote chini. Pimbi akapita zake.

Akapita Kima. "Bi Buku, hujambo?"

Kimya, mashavu tele. Kima akabetua midomo, akapita zake.

Akapita Mzee Nungunungu, jirani wa mlango kwa mlango. Yeye alisalimu, akasimama, akangoja. Bi Buku akampa mgongo. Ebo, mzee mzima yule! Akatikisa miiba, akapita zake.

Na wote watatu walibeba habari moja: kipupwe mwaka huu kinawahi, nyasi kavu zikusanywe leo leo.

Kulipokucha ukungu umetanda, nyasi zote chepechepe. Ghala la Bi Buku limejaa pomoni, lakini sakafu ni udongo mtupu. Watoto wakatetemeka. Akawapa kokwa, hawana meno. Akawakumbatia, ubavu huu ukapata moto, ule ukaganda. Kitinda mimba akaacha kulia, akawa anahema tu. Hapo mama akaingiwa na hofu ya kweli.

Akajaza mashavu kokwa za zawadi, mbio hadi kwa Nungunungu. Kufika mlangoni, apige hodi, hawezi! Mzee akasikia vishindo, akauliza nani huyo. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akasema asiyejitaja hafunguliwi, na nyayo zake zikasikika zikirudi ndani.

Bi Buku akatema zote. Kokwa zikatawanyika matopeni.

"Shikamoo, Mzee Nungunungu. Ni mimi, Buku. Wanangu wanakufa kwa baridi."

Mlango ukafunguka. "Marahaba," akasema mzee. "Nimeingoja tangu jana."

Hakuongeza neno. Akajitwika mzigo wa nyasi kavu, akatangulia. Kabla jua halijapanda, watoto walikuwa wamezama nyasini, na yule kitinda mimba akaangua kilio. Bi Buku naye akalia, kwa furaha.

Kipupwe kizima majirani wakala kokwa zake, naye akalalia nyasi zao. Tangu hapo, Buku akisalimiwa hutema kwanza, akaitika, ndipo akaokota tena. Ndiyo maana kokwa zimezagaa njiani.

Salamu ni mlango wa habari. Ukiufunga, usilalamike hukuambiwa. Hadithi yangu imefika: ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni. Haya, laleni salama.

Mbona huitikii, wewe wa pembeni? Meza kwanza huo muhogo.