Simu za Upepo za Lukande

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, meneja wa shamba la miwa la Lukande alimleta fundi Elifasi afunge simu za upepo. Mnara ulikuwa mmoja, njia za kusemea mbili, na shamba zima lilizigawana. Ukibonyeza, mtambo unakutafutia njia iliyo wazi. Zikijaa zote, unangoja.

Kila simu ilikuwa na kitufe chekundu cha dharura. Ukikibonyeza, anayezungumza anakatwa, unapita wewe. Vibarua wakakifanya mchezo. Meneja akasema, "Kizime." Fundi akakizima, akaenda zake bila kumwambia mtu.

Siku ya kuchoma miwa kabla ya kukatwa, upepo uligeuka, moto ukamzunguka Mloka, mlinzi wa moto. Akabonyeza. Njia zimejaa. Akabonyeza chekundu. Kimya. Akaendelea kubonyeza badala ya kukimbia, maskini, kwa kuwa siku ya kuzifunga simu fundi alimwambia kitufe kile hakishindwi.

Kesho yake jeneza lake lilikuwa uani. Miwa iliyoungua ikilala inaharibika, kwa hiyo meneja aliwapeleka wanaume wote kukata. Wa kubeba walibaki wanne: baba yake Mloka, meneja, fundi, na Pazi, dereva wa trekta, kaka wa tumbo moja wa Sikudhani, mjane wa Mloka.

"Njia ya kwanza alikuwa nayo nani?" akauliza Sikudhani walipokwisha kulishika jeneza.

"Mimi, dada," Pazi akalia. "Nilikuwa namsalimia karani wa mzani. Nimuulize uzito wa miwa kabla ya hali ya watoto? Lakini mimi sikuzima kitufe."

"Ya pili?"

"Mimi," akasema meneja. "Nilikuwa naagiza samaki wa mchana. Kitufe niliagiza kizimwe, ndiyo, mlikichezea. Kuwatangazia watu ilikuwa kazi ya fundi."

Fundi akainamisha kichwa. "Nilitumwa, mama. Na njia zingekuwa wazi, angepita bila kitufe."

 Sikudhani alitamani kuwafukuza wote watatu. Lakini wabebaji watatu wangeyumbayumba na jeneza, ila wangefika makaburini. Wawili, mmoja wao mzee, wasingefika. Alikuwa na nafasi ya kumfukuza mmoja tu.

"Mmoja wenu aachie," akasema. "Asimguse mume wangu."

Hakuna aliyeachia. Baba mkwe akamgeukia: "Mtaje, mwanangu. Jua linapanda."

Nanyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi. Je, nani alistahili kuambiwa aachie?