Kindi na Mwonjaji wa Kivukoni

Chungu!
Kiko jikoni!
Moto?
Unawaka!
Mwenye njaa?
Asogee!

Basi sogeeni, tena sogeeni sana, maana hadithi hii kila nikiisimulia hunipandisha hasira, na mimi hasira ya peke yangu siitaki. Tukasirike wote.

Alikuwepo Kindi, binti mdogo wa ukoo wa makindi, mkia mrefu kuliko mwili. Makindi, kama mjuavyo, hawapiki. Hupasua kokwa, hutafuna, hufukia zinazobaki, basi. Lakini siku ya msiba wa bibi yake Kindi, wajomba waligombana. Huyu anadai shimo la kokwa la marehemu ni lake, yule anadai ni lake, makelele mtindo mmoja. Akaja jirani yao, Kanga, na chungu cha kunde za nazi. Akapakua. Mjomba wa kwanza akala, akanyamaza. Mjomba wa pili akala, akanyamaza. Wa tatu akala, akaanza kulia, akasema, "Marehemu angekuwepo angeomba aongezewe."

Kindi akatazama kile chungu. Akasema, "Mimi nitakuwa mpishi."

Baba yake akacheka kwa! kwa! kwa! "Kindi gani anapika? Mkia wako wenyewe ni kuni!"

"Nitakuwa mpishi," akasema Kindi, na asubuhi akaenda kwa Kanga.

"Shangazi, nifundishe."

"Upishi si kazi ya kutamani tu, mwanangu. Utaungua."

"Nitaungua."

Akafundishwa. Masika ya kwanza alifundishwa moto tu. Kupuliza, fuu! fuu! fuu! mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili, na ncha ya mkia ikaungua kweli. Masika ya pili alifundishwa nazi. Kukaa juu ya mbuzi, si mbuzi yule wa kula majani, mbuzi ya kukunia nazi, kwaru! kwaru! kwaru! na kuchuja tui zito mbali, tui jepesi mbali, na kukoroga taratibu lisikatike. Masika ya tatu alifundishwa kunusa. Kanga alimfunga macho kwa kitambaa na kumuuliza, "Kunde zimeiva?" "Bado." "Sasa je?" "Bado." "Sasa?" "Ipua, shangazi, ipua!" Na kweli, zilikuwa zimeiva.

"Sasa wewe ni mpishi," Kanga akasema. "Kimebaki kitu kimoja tu." Akashusha sauti. "Kumpelekea Kiboko aonje."

Mnamjua Kiboko? Alilala kwenye kivuko cha mto, pale pekee panapochoteka maji safi. Alikuwa na nguvu, na mdomo kama mlango wa ghala. Alijipa cheo mwenyewe, Mwonjaji Mkuu, akaweka sheria: asiyefuzu kwake hachoti maji ya kupikia watu, na mkono uliofeli usimpakulie mtu. Nani alimchagua? Hakuna. Alijuaje upishi? Hakujua hata kubandika maji.

Kindi akapika kunde za nazi. Akapika kwa moyo wake wote. Akachukua chungu kizima mpaka kivukoni, wanyama wamejaa kutazama.

Kiboko akafunua kinywa, mwaaa! Akainua chungu, akamimina. Gubu! gubu! gubu! Akalamba ndani. Akalamba nje. Akalamba na kifuniko. Akacheua, mbeee!

"Chumvi haitoshi," akasema. "Umefeli. Rudi masika ijayo."

Kindi alihisi masikio yanawaka. "Mzee Kiboko, kama chumvi haitoshi, mbona umemaliza?"

"Naonja mpaka mwisho, wewe kitoto. Makosa hujificha chini ya chungu."

"Na kifuniko je?"

"Mengine hujificha kwenye kifuniko."

Wanyama wakainamisha vichwa. Kindi akamgeukia Kanga, akitegemea shangazi yake aseme kitu. Kanga akamshika mkono wakaondoka.

Njiani Kindi akalipuka. "Shangazi, kwa nini ulinyamaza? Wewe ulifuzu lini?"

Kanga akajibu akiendelea kutembea. "Sijafuzu, mwanangu. Mwaka wa saba huu."

"Wewe?"

"Mwaka wa kwanza alisema chumvi imezidi. Wa pili, imepungua. Wa tatu akasema nimekoroga kwa mkono wa kushoto."

"Lakini shangazi, huna mikono! Una mabawa!"

"Nilimwambia. Akasema najibu kwa kiburi, akanifelisha mwaka wa nne kabla haujafika. Wa tano na wa sita hakusema sababu. Alikula tu."

"Na zile kunde za msiba?"

"Nilipika kwa maji ya mvua. Nilipakua kwa kujificha."

Kindi alikaa chini pale pale njiani. Mpishi aliyewanyamazisha wajomba watatu, anapakua kwa kujificha kama mwizi! Alitaka kulia, lakini hasira ilikausha machozi. Alitupa mwiko kichakani. Kisha akaufuata, akauokota, akaupangusa.

"Masika ijayo tunarudi," akasema. "Wote wawili."

Masika ikafika. Siku hiyo Kindi hakupeleka chungu kimoja. Alipeleka kibakuli kidogo, kunde vijiko vitatu tu, ila vijiko ambavyo hajawahi kupika vitamu hivyo. Na nyuma yake Kanga alisukuma chungu kikubwa, chungu! Kimefunikwa kwa jani la mgomba, kimezibwa kwa udongo pande zote, kitundu kimoja tu kimeachwa. Wakakiinjika kwenye moto pale ukingoni. Kitunduni mvuke ukatoka, fuku! fuku! fuku! Kitunguu kilichokaangwa. Hiliki. Tui zito. Hata Swala, ambaye siku zote husimama mbali, alisogea.

Kiboko akameza kibakuli, lap! Akafumba macho kwa utamu. Lakini mazoea ni mazoea.

"Umefeli," akasema.

"Asante, Mzee," Kindi akajibu kwa adabu kubwa. "Shangazi, tukimwage."

"Mnamwaga nini?" akauliza Kiboko.

"Hiki chungu. Hicho ulichokula ni kionjo tu, Mzee. Chakula chenyewe kiko humu. Lakini mkono uliofeli usimpakulie mtu. Sheria ni yako."

Fuku! fuku! ukatoka mvuke.

"Ngoja! Nionje na hicho!"

"Kuonja umeshaonja, Mzee, na hukumu umeshatoa."

"Ameshatoa!" wakaitikia wanyama.

Mate ya Kiboko yakaanza kudondoka, to! to! to! "Basi... umefuzu."

"Sikusikia, Mzee."

"Umefuzu!"

"Asante. Lakini mimi nimefundishwa na Kanga, na yeye amefeli. Aliyefundishwa na aliyefeli atafuzuje? Shangazi, tukimwage tu."

"Na Kanga amefuzu!"

"Sawa. Lakini wapishi wengine wote uliowafelisha watanung'unika, na mimi manung'uniko siyawezi. Shangazi, shika upande ule."

Fuku! fuku! fuku!

"Wote wamefuzu!" Kiboko akanguruma mpaka maji yakatikisika. "Wote! Chukueni maji! Pikeni! Lete chungu!"

"Mmesikia?" Kindi akawauliza wanyama.

"Tumesikia!"

Kindi akasogea pembeni. Kiboko hakungoja jani lifunuliwe. Akanyakua chungu, akafunua kinywa, mwaaa! akamimina chote na jani lake. Gubu! Akauma. Ka! Akauma tena. Kaa! Jino likaruka, likatua ukingoni.

Mawe. Chungu kizima kilikuwa mawe ya mtoni, yamechemshwa na maganda ya vitunguu yaliyokaangwa, hiliki na tui kidogo la kunukia.

"Nani amepika mawe?" akanguruma Kiboko, damu mdomoni.

"Mpishi aliyefuzu," akasema Kindi.

"Nakufuta! Nawafuta wote!"

Hapo Nyati, ambaye miaka yote alikuwa amekaa kimya, akasimama. "Ngoja kidogo, Mzee. Umemfuzisha kabla ya kuonja chungu hiki?"

Kiboko akapiga hesabu. Akisema hakuonja, amekiri hukumu zake ni za uongo. Akisema alionja akapenda, basi chakula chake ni mawe, na ataletewa mawe kila siku.

"Tunakuuliza!" akasema Swala.

"Tujibu!" wakasema wote, wakasogea. "Na Kanga je? Miaka saba! Ulionja au ulikula?"

Kiboko akarudi nyuma hatua moja. Akarudi mbili. Akazama. Bubu, bubu, bubu, yakapanda mapovu, halafu mapovu nayo yakaisha.

Wanyama wakashangilia. Kanga hakushangilia. Alisimama kivukoni, akajaza mtungi maji mchana kweupe, mbele ya macho ya watu. "Saba, mwanangu," akasema. "Saba." Kindi alitaka kucheka na wenzake, akashindwa. Akampokea mtungi, akapuliza moto, wakapika wawili, na kila aliyekuja akapakuliwa.

Hadithi yangu imeiva, nimeipua. Aliyeshiba anawe, ambaye hakushiba akalalamike kwake.

Na mafunzo yake ni haya, watoto, yashikeni sana. Msiwadanganye wakubwa, ni tabia mbaya. Mkubwa akimaliza chungu chako akasema ni kibaya, mwamini, maana tumbo ni lake na yeye ndiye anayejua. Na wewe unayetaka kuwa mpishi, jifunze moto, jifunze nazi, jifunze kunusa. Ukishajua vyote hivyo vizuri, jifunze kuchagua mawe.