Mkaja wa Bi Mwanasiti

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mashine za kunyonya mafuta ya mwilini zilikuwa zimeshafika mjini, aliishi Bi Mwanasiti, kinara wa lelemama. Jamani, mwanamke yule alijua kucheza! Ngoma ile ni ya mikono, na mikono yake ikipaa, ukumbi mzima unanyamaza.

Lakini ilikuwa minene, naye akaichukia. Miezi minane kabla ya harusi ya Salha, bintiye wa pekee, akaenda kunyonywa mafuta. "Toa yote, daktari, usinibakizie," alisema. Daktari akamvalisha soksi za kubana mikono, akamwonya asizivue. Wiki ya pili tu, Bi Mwanasiti akaivua ya kushoto apate kupiga tari mazoezini.

Uvimbe uliposhuka, alijitazama kwenye kioo akalia. Ngozi ilining'inia pande zote mbili, na mkono wa kushoto ulikuwa na mabonde na vilima. Na kwao, mama wa bibi harusi ndiye anayeongoza lelemama ya kumuaga mwanawe. Akishindwa, anaongoza mwingine, yeye anakaa kitako kama mgeni. Basi akaapa: "Atakayeniwezesha kuinua mikono siku ya Salha, mkaja wangu ni wake." Mkaja, wasikilizaji, ni nguo ya kujifunga kiunoni anayopewa mama na upande wa bwana harusi, kwa heshima ya tumbo lililomzaa bibi harusi. Haigawiwi ovyo.

Akaja Nesi Chausiku, jirani yake. "Sikudanganyi, dada. Ngozi itarudi kiasi, haitarudi yote. Ila kwenda kukatwa tena kwa pupa, hapana." Kila alfajiri kabla ya kazi alikuja kumkanda na kumvalisha soksi. Bi Mwanasiti alinuna, akafoka, akamfungia mlango. Chausiku akabisha mpaka akafunguliwa. Miezi sita! Vilima vikashuka, mabonde mawili yakabaki. Bi Mwanasiti akainua mikono, akaona ngozi inacheza ngoma yake yenyewe, akaishusha.

Akaja Fundi Sudi, mshonaji wa sare za kikundi. Sare ishirini na mbili zilikuwa tayari, zote hazina mikono. Sudi akazifumua zote azitie mikono mirefu, kinara asionekane peke yake kajifunika. "Mikono yako ni wateja wawili, Bi Mkubwa, nitaipima mbalimbali." Wa kushoto akautia bitana palipobonyea. Wanakikundi walipouliza, Sudi alisema ni fasheni, na siri akaimeza.

Lakini umbea haukosi mlango. Mara kaoza mikono, mara karogwa. Siku ya harusi Bi Mwanasiti akajifungia chumbani kavaa sare yake. "Sitoki," alisema.

Akaja wifi yake, Somoe, mwanamke wa utani na mdomo mpana. Hakumbembeleza. Alikwenda moja kwa moja katikati ya ukumbi. "Wifi yangu kanyonywa mafuta mikono, ngozi imemlegea! Hajaoza, wala hajarogwa. Mwenye la kuongeza aongeze sasa, ngoma inaanza!"

Wanawake wakacheka mpaka machozi. Mle chumbani Bi Mwanasiti alisikia yote. Aibu ikamwaka usoni, kisha akaona hana tena cha kuficha. Akatoka. Akasimama mbele, akainua mikono, wa kulia na wa kushoto, na ukumbi ukanyamaza kama zamani. Salha alilia kwa furaha.

Mkaja ukaletwa.

"Mikono hiyo nimeikanda mimi," alisema Chausiku, "na milango nimefungiwa mimi."

"Nami nimefumua sare ishirini na mbili na siri nimeitunza," alisema Sudi. "Huyu Somoe kamwanika mwenzake hadharani bila ruhusa!"

"Nimemwanika, ndiyo," alisema Somoe. "Nyinyi mlimtengeneza, akabaki chumbani. Nani kamtoa?"

Salha akafuta macho. "Na aliyeinua mikono ni nani? Mama, jifunge mwenyewe."

Bi Mwanasiti aliushika mkaja kwa mikono miwili, akawatazama mmoja mmoja. Aliwapenda wote, hata wifi yake, ambaye bado alitamani kumfinya. Mkaja ni mmoja, na kiapo ni kiapo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kufungwa mkaja ule?