Nguruwe Wote Wagonjwa Siku ya Maonyesho

Hii nimetumiwa na shemeji yangu wa Tukuyu. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Isome, halafu mpelekee mwenzako, usikae nayo.

Katika kijiji kimoja cha mlimani, watoto wa shule hufuga nguruwe na kuwapeleka kwenye maonyesho ya mifugo kila mwaka. Mwaka uliopita nguruwe aliyeshinda alipigwa picha, akapigiwa makofi, na mchana huohuo mgeni rasmi akamla kwa ndizi. Watoto waliona kwa macho yao.

Sasa jiweke mahali pa Tumpe, binti wa darasa la sita. Nguruwe wako anaitwa Tulia. Umemlea kwa uji tangu mama yake alipomkataa, na anakufuata mpaka mlangoni pa kanisa. Utamwogesha ili ashinde? Thubutu!

Basi mwaka huu hakuna mtoto aliyetaka kushinda. Nguruwe waliletwa uwanjani na matope mpaka masikioni. Tumpe alimfunga Tulia bendeji mguuni, akakariri uongo wake njia nzima: "Ni kilema tangu kuzaliwa."

Jaji alikuwa Daktari Sekela, daktari wa mifugo, mama asiyependa mchezo kazini. Akaanza na mtoto wa kwanza.

"Shikamoo daktari. Wangu anaharisha."

"Marahaba. Na wewe, wako je?"

"Wangu ana kifafa, daktari. Akianguka, anaanguka kweli."

Akafika kwa Gwakisa, mtoto mwenye maneno kuliko redio.

"Usimguse, daktari! Wangu ana ugonjwa wa kuambukiza. Hata mimi ameshaniambukiza, hapa nilipo nina kizunguzungu." Akapepesuka kidogo ili aaminike.

"Yesu wangu!" akalia mama yake, aliyekuwa nyuma ya kamba na watazamaji.

Zamu ya Tumpe ikafika. Akafungua mdomo aseme habari za kilema. Tulia akamwegemea miguuni na kukoroma kwa raha, kama anavyofanya kila siku akiwa naye. Tumpe akaangua kilio palepale mbele za watu.

"Daktari, hana ugonjwa wowote. Mguu wake mzima. Ni nguruwe mzuri kuliko wote hapa, na mimi siwezi kumsema vibaya huku ameniegemea hivi. Ila nakuomba, mama yangu, msimle."

Akaifungua ile bendeji.

Daktari Sekela akamkagua Tulia meno, kwato na mgongo, bila haraka. Kisha akasimama wima.

"Huyu ndiye mshindi. Na mwaka huu mshindi haliwi. Anabaki kwa aliyemlea, awe jike la kuzaa mbegu bora kwa kijiji kizima."

Tumpe akamkumbatia Tulia, matope na yote.

Jamani, uwanja ukachafuka!

"Daktari, wangu ameacha kuharisha!"

"Wangu kifafa kimeisha sasa hivi!"

"Nimefurahi kusikia," akasema Daktari Sekela, huku akifungua mkoba wake. "Lakini mgonjwa haondoki kwangu bila sindano ya vitamini. Haya, washikeni vizuri wagonjwa wenu."

Kelele za nguruwe siku ile zilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Watoto waliburutwa, wakakanyagwa, wakala matope.

Gwakisa akataka kuponyoka. Mama yake akawa ameshamkamata sikio.

"Mama, nilikuwa natania!"

"Ugonjwa wa kuambukiza hautaniwi, mwanangu. Twende zahanati."

Shemeji anasema Gwakisa alikalia upande mmoja darasani wiki nzima.

Funzo: Unayempenda mseme kwa ukweli, hata ukiogopa. Uongo wa kumwokoa unaweza kumnyima heshima iliyokuwa yake, na sindano mkachomwa wote wawili.