Joho la Rustiko

Hapo zamani za utawala wa Warumi, katika mji mmoja wa milimani, aliishi mfumaji aitwaye Vibia. Mumewe, Rustiko, alisafirisha mizigo kwa punda. Vibia alimfumia joho la sufu, lisilo na mikono, lenye tundu la kupitishia kichwa. Siku hizo kila msafiri alivaa joho la namna hiyo.

Siku moja theluji ikamkuta Rustiko njiani. Akamwona padri Venanti ameanguka, meno yanagongana. Akavua joho, akamvika, akampandisha juu ya punda. Padri alifika mjini. Rustiko, aliyefuata nyuma kwa miguu, hakufika. Theluji ilimfunika, wala mwili wake haukuonekana tena.

Venanti akalipeleka joho kwa Vibia, akapiga magoti mlangoni.

"Mama, pokea."

Vibia alikuwa mjamzito. Hakuweza hata kulitazama.

"Kaa nalo, padri. Livae unapomwombea."

Basi akalivaa altareni, Jumapili baada ya Jumapili. Miaka ikapita, mitindo ikabadilika, watu wakayaacha majoho yale. Yeye hakuliacha. Watoto wakakua wakijua kwamba lile ni vazi la sala, si la njiani. Vibia aliketi nyuma kabisa kanisani, na kila mara padri alipoinua mikono, yeye aliona mabega ya mumewe.

Kisha Venanti akafariki, na siku ya maziko, mle kanisani, ugomvi ukazuka juu ya joho.

Marsia, dada wa marehemu, akasema, "Mimi ndiye niliyelitia viraka miaka yote. Kaka yangu alinishika mkono akaniambia, nizikeni nalo, nikamrudishie mwenyewe."

Shemasi Kastori akasema, "Tumebatizwa, tumeoana, tumezika wetu mbele ya vazi hili. Likifukiwa, nani atamkumbuka Rustiko? Mwachieni padri ajaye."

Silvina, binti wa Vibia, alikuwa analia. "Mama, ulilitoa nikiwa tumboni. Mimi sikuulizwa. Baba sikumwona, kaburi hana. Nipeni mimi."

Wote wakamgeukia Vibia. "Wewe ulilifuma, wewe ulilitoa. Amua."

Vibia akalipakata joho, akapapasa mishono. Hakujua tena ipi yake, ipi ya Marsia. Akamtazama mwanawe, akamtazama maiti, akautazama umati uliojaa hadi mlangoni.

Enyi mnaonisikiliza, mwanamke huyu yuko peke yake, na jeneza linangoja kufungwa. Msaidieni. Je, nani alistahili joho lile?