Tandiko la Babu na Mgongo wa Radi

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona mwaitikia kama mliolala njaa? Paukwa!
— Pakawa!
Hapo sawa. Nyinyi mlioshiba sogeeni karibu, na wenye njaa tegeni masikio, mtakula maneno.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walisema na watu wakajifanya hawasikii, palikuwa na Mwinyi Hatibu, mkuu wa mji wa Mavumbini. Alikuwa na farasi mmoja, na mji mzima ulikuwa na huyo huyo mmoja, jina lake Radi. Mwinyi alikuwa pia na tandiko la ngozi nyekundu, alilorithi kwa babu yake.

Na mji ulikuwa na mila yake. Mtama mpya hauliwi mpaka Mwinyi auzunguke mji amevaa joho la babu, amekalia tandiko la babu. Na vitu vya babu havitiwi sindano. Atakayevitia sindano, babu atamjia.

Miaka ikaenda. Radi akazeeka. Mgongo ukabonyea katikati, nyama za mabegani zikaisha, mifupa ikachomoza. Mavuno yalipokaribia, Mwinyi akamtandika, akapanda. Radi akaruka huku, akaruka kule, akamtupa Mwinyi kwenye dimbwi la bata. Kisha akaimba:

Bwana wangu, bwana wee,
tandiko ni lile lile,
mgongo si ule tena.
Nipime, bwana, nipime!

"Farasi kupimwa!" Mwinyi akafoka, matope yakimchuruzika ndevuni. "Baba yako alilivaa hili, na babu yako kabla yake. Wewe una kiburi tu! Siku ya kuzunguka mji usipolivaa, nitakutoa kwa Fisi akule, nami nitapanda punda."

Lo! Fisi alikuwa nyuma ya ua. Akachungulia.

"Hodi, Mwinyi! Mimi namchukua hivyo hivyo. Sihitaji tandiko."

Mwinyi akafikiri, akasema, "Amekonda huyu. Ashibishwe." Radi akalishwa mtama, akalishwa majani mabichi, akalishwa hata miwa. Tumbo likaja, mgongo haukuja. Mwinyi akapanda, akatupwa. Bata wakapiga kelele. Radi akaimba, nanyi itikieni:

— Nipime, bwana, nipime!

"Hodi, Mwinyi!" akasema Fisi. "Ameshanenepa? Ahsante sana."

Mwinyi akafikiri, akasema, "Tandiko linacheza. Likazwe." Mshipi wa tumboni ukakazwa mpaka Radi akatoa macho. Mwinyi akapanda, akatupwa. Safari hii bata walimpisha mapema. Radi akaimba:

— Nipime, bwana, nipime!

"Hodi, Mwinyi! Nije na sahani?"

Mwinyi akafikiri, akasema, "Tandiko ni gumu. Litiwe matambara chini." Wakaweka blanketi, juu yake mkeka, juu yake blanketi jingine. Palipobana pakabana zaidi, kama mtu kuvaa soksi mbili kwenye kiatu kidogo. Mwinyi akatupwa. Bata hawakuwapo, walikuwa wamehama. Radi akaimba, lakini sauti sasa ilikuwa ndogo, maana alimwona Fisi anajilamba midomo:

— Nipime, bwana, nipime.

Siku ya kuzunguka mji ikafika. Ngoma nje, watu nje, Fisi nje. Mwinyi akaingia chumbani kuvaa joho. Likapanda vizuri, likafunga vizuri juu ya tumbo lake kubwa.

"Mwana Esha," akamwambia mkewe, "unaona vitu vya babu? Tangu nilipokuwa kijana mwembamba mpaka leo, joho linanikaa vile vile!"

Mwana Esha akacheka mpaka akakaa chini.

"Mume wangu, kila mwaka nalitanua kabla hujalivaa. Upindo umekwisha. Mwaka huu nimeongeza kitambaa ubavuni."

"Umetia sindano joho la babu!"

"Nimetia."

"Na babu hakukujia?"

"Angekuja, ningemwomba anishikie uzi."

Mwinyi akatazama tumbo lake. Akatazama dirishani, akamwona Radi ameinamisha kichwa. Haya ikamshika kweli kweli. Akatoka mbio, akamkumbatia shingoni.

"Radi, mwenzangu, mbona hukuniambia?"

"Nimeimba mpaka bata wameujua wimbo," Radi akasema.

Mwana Esha akaleta unga, akaupaka mgongoni kwa Radi, akaweka tandiko taratibu, akaliinua. Wakatazama chini yake. Mbele unga umegandamana, nyuma umegandamana, katikati ngozi ya tandiko ni safi.

"Hapa linambana, hapa halimgusi," akasema. Akafumua mshono, akapunguza sufi ya ndani mbele na nyuma, akajaza katikati, akashona. Akapaka unga tena. Safari hii ukashika kote.

Mwinyi akapanda. Watu wakafumba macho. Radi akatikisa mkia, akaenda. Hakukimbia kama zamani, alitembea, na kila mlango ukapata kusalimiwa. Fisi akafuata nyuma mji mzima na sahani yake, akingoja mtu aanguke. Mtama mpya ukaliwa. Bata wakarudi.

Jioni Mwinyi akashuka, akamsugua Radi mgongo kwa mkono wake.

"Mwana Esha, mwakani utupime tena."

"Nani, farasi?"

"Sote wawili."

Basi enyi wenzangu, rafiki akizeeka msimlaumu kwa mwili wake. Mpimeni upya, mtaenda naye mbali.

Ngano yangu nimeivua tandiko, naiachia ikale majani. Na ambaye hakucheka aangalie nyuma ya ua, kuna mtu amesimama na sahani.